Msiyachome makasha ya dubwi

Mimi ni fundi wa redio na televisheni, Kyela mjini. Jioni, nikishamaliza kazi za watu, nafungua zangu: mashine za gemu za zamani, zile za kusimama, zenye kioo usawa wa uso, kijiti cha kuongozea na vitufe vya rangi, ambazo Wajapani na Wamarekani walizijaza kwenye baa na maduka yao miaka ya 1970 na 1980. Wenzangu wa Ulaya na Marekani wenye mapenzi haya hueleza kwamba wanautafuta utoto wao. Wanakumbuka kelele za ukumbi, sarafu za kuomba kwa baba, kaka mkubwa aliyewashinda kila Jumamosi. Mimi utoto wangu ulikwisha Mwaya, kando ya ziwa, nikiamia ndege kwenye mpunga wa bibi, na mashine ya namna hiyo sikuwahi kuiona hata gazetini. Kwa hiyo watu wakiniuliza kwa nini nasumbuka na makorokoro yale, jibu la kumbukumbu silo langu. Ninalo jingine, na ndilo lililonifikisha kwenye ombi ninalotaka kulitoa leo kuhusu mashine zinazokamatwa na kuteketezwa.

Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Bara hapakuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Zanzibar ndio waliokuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ng'ambo ya mto Songwe, Malawi walingoja hadi 1999. Sasa ipange miaka hiyo kando ya hii: Pong ya Atari 1972, Space Invaders ya Taito 1978, Pac-Man ya Namco 1980, Donkey Kong ya Nintendo 1981. Gemu zile zilizaliwa, zikatawala, zikaanza kuzeeka, nasi huku kaskazini mwa Ziwa Nyasa hatuna habari. Silaumu mtu. Nchi ilikuwa na mambo yake, na hata televisheni ingewahi, Mwaya ya wakati ule isingekuwa na umeme wa kuiwasha.

Zilipotufikia zilipita mlango wa uani. Zilikuja kama vidude vya Kichina vya kaseti, nakala za Famicom ya Nintendo ya 1983. Ukichomeka nyuma ya TV ya chogo unapata Mario, Contra, na bata wa kupigwa kwa bastola ya plastiki. Baadaye ikaja PlayStation na vibanda vya mpira, ambavyo vipo mpaka leo. Lakini mashine ya kusimama, ya kutumbukiza sarafu, iliyofika hadi vijijini na kukaa mbele ya maduka, ni moja tu. Dubwi.

Dubwi ni kasha lenye kioo cha matunda yanayozunguka. Unatumbukiza sarafu ya shilingi 200, unabonyeza, matunda yanasimama, na mara nyingi sarafu imekwenda. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 ipo, Bodi ya kuisimamia ipo, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Hata hivyo mashine zisizo na leseni zinajipenyeza, na mtoto wa sare anayesimama mbele yake saa nne asubuhi kila mtu amemwona. Zikikamatwa huharibiwa. Kenya wamezichoma moto hadharani: moshi mweusi, kamera, waheshimiwa wakitazama. Nikiona picha zile roho inaniuma, na si kwa kuwa nalipenda dubwi. Nalichukia kuliko wengi, maana nimeliona ndani.

Kasha langu la kwanza nilipewa na mwenye duka ambaye mashine ilimfia siku nyingi. Panya walikuwa wamezalia juu ya spika, naye alitaka nafasi ya kuwekea magunia ya kakao. Nilipofungua mlango wa nyuma nilikuta bodi imeungua nusu, na kwenye ukingo wake safu za swichi nyeupe, ndogo, za kusukuma kwa ncha ya bisibisi. Karatasi za maelekezo ya bodi za aina ile hazina ugumu kupatikana, na zinasema bila aibu kila swichi ni ya nini: sauti, kiwango cha juu cha dau, na asilimia ambayo mashine itawarudishia wachezaji. Mwenye mashine anachagua. Kijana aliyesimama mbele anabonyeza akidhani leo ana mkono mzuri, kumbe hesabu yake imeshapangwa nyuma ya mlango wenye kufuli.

Gemu za zamani haziko hivyo. Chukua Pac-Man. Mizimu minne inamfukuza mchezaji vichochoroni, na anayeitazama mara ya kwanza huapa kwamba inakwenda ovyo. Haiendi ovyo. Toru Iwatani na wenzake waliupa kila mmoja tabia yake: mwekundu unakuja pale ulipo, wa waridi unalenga miraba minne mbele ya uso wako, wa rangi ya chungwa ukikukaribia ndani ya miraba minane unaghairi na kurudi kwenye kona yake. Pita njia ile ile kwa mwendo ule ule, nayo itafanya yale yale. Ndiyo maana Wamarekani waliandika vitabu vizima vya njia za kupita, na watu wakavigombania. Ni bao hili: kete 64, mashimo 32, hakuna dadu wala karata iliyofichwa. Ukifungwa umefungwa kwa hesabu, na aliyekufunga anaweza kukaa nawe chini ya mwembe akakuonyesha ulipopotea.

Hata makosa ya Pac-Man yanaelezeka. Ukifika hatua ya 256, nusu ya kioo inavurugika, maandishi na matunda yanamwagika, huwezi kuendelea. Watu walidhani ni uchawi au adhabu. Sababu ni kwamba hesabu ya hatua imewekwa kwenye nafasi isiyoweza kushika namba kubwa kuliko 255. Ikizidi hapo inarudi sifuri, na kipande cha programu kinachochora matunda chini ya kioo kinachora bila kujua kisimame wapi. Unaweza kumweleza hivyo mtoto wa darasa la saba kwa kutumia vidole, akaelewa, akacheka.

Basi jibu langu ni hilo. Mashine hizi hazimfichi mtu kitu, si mchezaji aliye mbele wala fundi aliye nyuma.

Bodi ninayoipenda kuliko zote ni ya wizi. Ni nakala bandia ya Street Fighter II. Ilitoka Afrika Kusini, ambako mashine za sarafu zilikaa miaka mingi kwenye maduka ya kona, ikapanda malori hadi mpakani Kasumulu ndani ya begi la mfanyabiashara aliyeamini ni ya kompyuta na ina dhahabu ya kuyeyusha. Tulibishana bei mpaka jua likazama. Capcom walipoitengeneza ile halisi, 1991, kazi ya kuchora picha waliikabidhi chipu zao wenyewe, zisizouzwa popote. Ikifa moja, umekwisha. Waliodurufu hawakuwa nazo. Wengi wao ilibidi waivunje kazi ile vipande vipande na kuiunda upya kwa chipu za kawaida za familia ya 74, makumi kwa makumi, zimepangwa safu kwa safu kwenye bodi kubwa. Maharamia wale, kwa ubahili wao, wametuachia mashine inayosomeka. Kila chipu ina namba, na kila namba unaagiza Kariakoo, inapakiwa kwenye basi, kesho yake unaipokea stendi.

Ilifika kwangu ikiwa imeoza. Kyela ni mahali pa mvua. Milima ya Livingstone inayazuia mawingu ya ziwa yasiende kwa wenzetu, na kwa mwaka tunapata zaidi ya milimita 2,000 wakati Dodoma hawafiki 700. Unyevu huo mpunga unaupenda, kakao inaupenda, bodi unaila. Miguu ya chipu inaota ukungu wa kijani, njia za shaba zinakatika chini ya rangi bila kuonekana, sisimizi wanajenga kwenye transfoma kwa sababu kuna joto. (Na tafadhali, simu ikitumbukia majini msiifukie kwenye mchele. Najua mchele wetu unasifiwa nchi nzima, lakini kazi hiyo hauiwezi. Zimeni, toeni betri, mwiteni fundi aoshe bodi kwa spiriti.)

Nilipoisafisha na kuiwasha, mpiganaji Ryu alitokea kiooni na mistari ya wima mwili mzima, na mandhari nyuma yake ni safi kabisa. Hapo bodi imeshakuambia nusu ya habari: tatizo liko kwenye njia ya picha za wapiganaji, siyo ya mandhari. Unabaki na chipu chache za kushuku. Unachukua nzima yenye namba ile ile, unaipandisha mgongoni mwa mshukiwa, miguu juu ya miguu, mashine ikiwa inawaka, macho kiooni. Ya kwanza, hakuna kitu. Inayofuata, hakuna. Halafu unagusa moja, mistari inayeyuka, na Ryu anasimama na nguo yake nyeupe ya karate kama alivyochorwa. Inua kidole, mistari inarudi. Gusa tena, inaondoka. Nimesomea umeme, na sikumbuki darasa lililonionyesha ugonjwa na dawa kwa uwazi wa namna ile.

Capcom waliokuja na bodi zilizofuata, CPS-2, kuanzia 1993, walikuwa wamechoshwa na maharamia. Wakaifunga programu kwa siri, na ufunguo wa kuisomea ukawekwa kwenye kumbukumbu inayoishi kwa betri ndogo. Betri ikiisha ufunguo unafutika, na mashine inakufa huku chipu zake zote zikiwa nzima. Waliovunja siri ile mwaka 2001 hawakuwa wafanyakazi wa kampuni. Walikuwa watu wenye mapenzi kama mimi, waliojinyima usingizi. Mwaka 2016 wengine wa aina hiyo hiyo wakapata namna ya kuurudisha ufunguo kwenye bodi iliyokufa bila kuigusa programu yake. Leo bodi ambazo zingekuwa takataka zinacheza. Nawasifu, ila CPS-2 sitaki kuileta dukani kwangu. Mashine iliyotengenezwa ife ili fundi asiiguse, kwangu mimi ina undugu na dubwi, hata kama gemu yake ni tamu.

Kutengeneza ni upande mmoja. Kuunda upya nako kuna raha yake, na ndiko ninakotumia saa nyingi sasa. Lile kasha la panya nililikata utumbo nikabakiza mbao, pawasaplai, spika na nyaya. Umeme wake unafaa bila kubadilisha chochote, volti 5 za chipu na 12 za sauti. Tabu ni soketi: ya dubwi ina pini 36 na nyingine ndogo ya pini 10, wakati gemu nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 1980 zinafuata kipimo cha Wajapani cha 1985 kiitwacho JAMMA, pini 56. Nilikaa na mita nikafuata waya mmoja mmoja, nikaandika kwenye daftari la shule, nikaunda kigeuzi kwa bodi ya matundu. Kijiti cha kuongozea alinichongea seremala anayetengeneza makasia, akauliza mara mbili kama kweli nataka mpira juu ya fimbo. Chini ya kila kitufe kuna swichi ndogo niliyoitoa kwenye mausi ya kompyuta iliyokufa, na springi ya peni.

Programu za gemu hizi zinakaa kwenye chipu zenye kidirisha cha kioo mgongoni. Ukizimulika kwa mwanga wa urujuanimno zinafutika, unaandika upya. Kwa taa maalumu ni dakika ishirini hivi. Watengenezaji wenyewe wameandika kwamba jua la moja kwa moja nalo litazifuta, kwa muda wa wiki moja hivi. Kabla sijapata taa nilizianika Matema kwa shemeji yangu, juu ya bati, pembeni ya usipa. Wiki nzima ya jua lisilokatika huku kwetu ni jambo la kuomba Mungu, na Aprili usijaribu kabisa. Usipa walikauka, wakapakiwa, wakauzwa Tukuyu. Chipu zangu bado.

Mashine niliyoiunda mwanzo hadi mwisho ni Space Invaders. Ya asili ilitumia chipu ya Intel 8080, ambayo inataka umeme wa aina tatu na siku hizi kuipata ni kazi. Nikatumia Z80, kwa sababu walioiunda mwaka 1976 waliihakikishia uwezo wa kuelewa lugha ya 8080, nayo inaridhika na volti 5 peke yake. (Zilog waliacha kupokea oda za Z80 ile ya kawaida mwezi Juni 2024. Ninazo chache kwenye kopo la maziwa ya unga, na siuzi.) Kioo ni TV ya chogo ya inchi 14 iliyolazwa ubavu, kama ilivyokuwa kwenye kasha la Taito.

TV hizo nazo niziseme, maana zinaisha machoni petu. Mkoa wa Mbeya ulizimiwa matangazo ya analojia mwaka 2013, ving'amuzi vikaja, TV bapa zikashuka bei, na wanunuzi wa chuma chakavu wanazunguka mitaani kuvunja machogo ili watoe shaba. Kioo chenye risasi kinatupwa mtaroni, na mitaro yetu yote inakwenda ziwani. Chogo halina mbadala kwa gemu za zamani. Ile bastola ya bata, kwa mfano, ina kijicho kinachotazama mwanga wa kioo kwa kasi ambayo TV bapa haiendani nayo. Ukiichomeka kwenye bapa, bata hafi hata umwekee mdomo wa bastola usoni. Na TV nyingi za zamani zina zawadi ndani: chipu inayounda picha ina milango mitatu ya rangi, nyekundu, kijani na buluu, iliyowekwa kwa ajili ya yale maandishi ya sauti na namba ya chaneli. Ukiingiza gemu kwa milango hiyo, picha inatoka safi kuliko waya wowote wa nyuma. Ila asijaribu asiyefundishwa. Chogo lina volti zaidi ya elfu ishirini, na hukaa nazo hata baada ya kuchomoa plagi.

Mwenye kuicheza Space Invaders yangu kuliko wote ni binti wa kidato cha pili anayekaa mtaa wa pili. Nawasha kuanzia saa kumi jioni, si kabla. Hilo halina mjadala. Siku moja mama yake alimfuata, ufagio mkononi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Sijaja kukaa. Huyu ananiambia anajifunza. Nikamwambia twende kwa huyo fundi wako, aniambie mbele yangu, kwenye gemu mtu anajifunza nini?"

Sikujibu. Nilimtazama binti. Akasema: "Mama, unaona hawa wadudu wanavyoshuka? Wako 55. Mwanzo wanakwenda polepole, wakibaki wachache wanakimbia. Watu wanadhani wameambiwa wakimbie. Hawajaambiwa. Mashine inamsogeza mdudu mmoja mmoja kwa zamu. Wakiwa wengi, zamu inachelewa kurudi. Wakipungua, inarudi haraka."

Mama akaangalia kioo kwa muda. "Kwa hiyo hiyo kasi hakuna aliyeipanga?"

"Aliyeitengeneza aliiona, akaiacha hivyo hivyo."

Ni kweli tupu. Tomohiro Nishikado aliyeunda gemu ile aliona mashine inaongeza kasi yenyewe, akaona inanoga, akaiacha. Na michezo mingi iliyofuata duniani ikaiga. Mama hakubadilika kuwa shabiki wangu. Alisema sawa, lakini saa kumi na mbili awe nyumbani, maji hayajachotwa. Mimi nikasema ndaga, asante ya kwetu. Tangu siku ile binti hajazidisha saa kumi na mbili, na kuhusu zamu za mashine nadhani anaelewa kuliko vijana wengi wanaonijia na vyeti wakitafuta kazi.

Yupo atakayesema haya yote yako kwenye simu. Ni kweli. Tangu 1997, Mwitaliano Nicola Salmoria alipotoa programu ya MAME, gemu hizi maelfu kwa maelfu zinaweza kuigizwa na kompyuta yoyote, na mimi mwenyewe bila kazi ya watu wale nisingejua waya upi wa Pac-Man unakwenda wapi. Kuna wanaokwenda mbali zaidi, wanaiga bodi nzima, saketi kwa saketi, ndani ya chipu moja inayopangika upya. Siwapingi. Lakini gemu ndani ya simu inakufundisha kucheza tu. Simu yenyewe imefungwa kwa gundi; ukiifungua unakuta chipu tatu nne zisizo na namba inayokusaidia, na fundi wa simu wa leo anabadilisha kioo, anabadilisha betri, zaidi ya hapo anakwambia nunua nyingine. Simlaumu, kafungiwa mlango. Ninachosema ni kwamba mtu anayetaka kujua kompyuta inafikirije anahitaji moja iliyo wazi, yenye kasi ndogo ya kufuatika, isiyoumiza mfuko ikiungua. Zilizobaki za aina hiyo ni hizi.

Sasa ombi. Mashine za kubahatisha zisizo na leseni zinapokamatwa, kinachostahili kuharibiwa ni kitu kimoja: bodi yenye zile swichi, pamoja na chipu zake. Ivunjwe kwa nyundo mbele ya mashahidi, ipigwe picha, iandikwe. Kasha, kioo, pawasaplai, spika, vitufe na nyaya havijamwibia mtu. Vipelekwe kwenye vyuo vya VETA, kwenye sekondari zinazofundisha fizikia bila hata betri ya majaribio, na kwa mafundi watakaokubali kuandikishwa na kukaguliwa. Plastiki na nyaya zikichomwa ni moshi wa sumu juu ya vichwa vya watu walewale tunaodai kuwalinda.

Ofisa mmoja niliyemweleza wazo hili alicheka akasema, "Mzee wangu, tukikupa kasha kesho utaturudishia dubwi." Ni hofu ya haki na ina majibu. Anayetaka dubwi hashindwi na kasha. Seremala yeyote atalipiga kwa siku mbili. Kinachomlazimu aagize mbali ni bodi, na bodi ndiyo ninayotaka ivunjwe. Vilevile naomba tusichanganye vibanda vya gemu na nyumba za kamari kwenye tamko moja. Mtoto mtoro ni mtoro, awe kwenye gemu au ziwani akivua, na saa za shule zilindwe kote. Baada ya saa za shule, mashine ambayo mtoto anaweza kuifungua na kuikuta haijamdanganya isihesabiwe kosa.

Na kama bado kuna shaka, hata kile kishika sarafu kichukueni. Mimi niliking'oa cha kwangu siku ya kwanza, nikaziba tundu kwa bati. Anayetaka kucheza anabonyeza kitufe. Usafiri nitalipa mwenyewe. Mafuso yanayopeleka mchele Dar es Salaam yanarudi mengine matupu, na madereva wake ninawajua.